Pesa ziko, karatasi ndio hakuna: mwaka wangu wa kwanza kwa mfuko wa nyumba wa kaunti

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Barua nimepewa leo asubuhi. Msimamizi wa mfuko wa mikopo ya nyumba za wafanyakazi wa kaunti. Kaunti yenyewe sitaitaja maana bado nakula hapo, nitasema tu tuko huku magharibi, ukishashuka Nandi na hujafika Busia. Wenye wananijua wananijua, na wanyamaze.

Kwa wenye hawajui hizi vitu, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 kifungu cha 116 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko wake. Bunge la kaunti linapitisha kanuni, pesa inawekwa, mfanyakazi anakopa kujenga ama kununua nyumba, anakatwa kwa mshahara na riba ya asilimia 3 kwa mwaka, na ile amelipa inakopeshwa mwingine. Inazunguka tu kama chama cha kina mama. Tofauti ni moja, kwa chama ukikosa kulipa wanakuja kubeba sufuria, huku kwetu ukikosa kulipa unaandikiwa barua.

Ofisi ni meza moja, kabati mbili (moja haina ufunguo) na kalenda ya 2021. Msaidizi wangu ni dada wa uhasibu, mkali sana wa ekseli. Ameniambia, "Karibu mkubwa, kazi hapa si nyingi." Hapo ndio nimeanza kuingiwa na wasiwasi.

Jumanne, 13 Agosti

Kweli kazi si nyingi. Nimekaa wiki nzima nikisoma mafaili na hii ndio nimeona: pesa imelala. Zaidi ya nusu ya pesa ya mfuko iko kwa akaunti ya kawaida ya benki, haizai, haikopeshwi, iko tu. Na sai bili za hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali kuu kwa muda mfupi, zinalipa karibu asilimia 16. Jamaa wa hazina ya kaunti akaniambia bana peleka hiyo kitu kwa bili, mwisho wa mwaka utaonekana mtu wa maana, ripoti itang'ara.

Nimelala nikiwaza hiyo maneno. Ukifikiria vizuri ni mtego. Mfuko wa nyumba ukianza kuonja asilimia 16 bila kusumbuana na mtu yeyote, nani tena atataka kumkopesha mfagiaji wa soko kwa asilimia 3? Utakuwa na mfuko mnono na hakuna nyumba hata moja. Lakini pia kuacha hela ilale bure ni uzembe. Nimeandika memo tuweke sehemu ndogo, ile haitahitajika robo hii, na ikiiva irudi. Memo haijajibiwa.

Halafu kitu ya pili. Wenye wamekopa ni kina nani? Nikamwambia dada apange majina kwa cheo. Wakurugenzi, wakuu wa idara, maafisa wenye vitambulisho vya kuning'iniza na utepe mzuri. Chini ya hapo, wauguzi wawili na dereva mmoja. Wengine wote, askari, makarani, walimu wa chekechea, watu wa maji, hakuna. Si ati hawajaomba. Maombi yako, kwa ile kabati haina ufunguo.

Jumatano, 4 Septemba

Nilikuwa Kisumu siku mbili, kikao cha watu wa sako (vyama vya akiba na mikopo) na wa mifuko kama yetu. Nikala samaki Dunga, hiyo siwezi kuficha.

Mle ndani nimeelewa vizuri hii kampuni inaitwa KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company). Nilikuwa nadhani ni benki ya nyumba. Kumbe raia wa kawaida haendi kukopa huko. Shida ya benki na sako ni kwamba pesa zao ni za watu wa kuweka na kutoa, leo ziko kesho hazipo, na mkopo wa nyumba ni miaka 15, 20. Huwezi kumkopesha mtu miaka 20 na pesa ya mtu mwingine ambaye anaweza kuitaka Ijumaa. Sasa KMRC inakusanya pesa za muda mrefu, mkopo wa Benki ya Dunia, wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na 2022 wakauza hati za dhamana za shilingi bilioni 1.4 za miaka saba kwa asilimia 12.5, halafu inawakopesha hao benki na sako kwa bei ya chini ndio nao wamkopeshe mwananchi kwa riba ya tarakimu moja. Serikali kuu iko na robo hivi ya hisa, zingine ni za benki, sako na wenzao. Ilipata leseni ya Benki Kuu Septemba 2020.

Wazo ni zuri, na bado mikopo ya nyumba ya benki kwa nchi nzima 2020 ilikuwa kama elfu 27. Nchi ya watu karibu milioni 50! Mzee mmoja wa sako alituambia wakati wa chai, "Nyinyi mnapigania riba, lakini mtu wetu hafiki kwa riba. Anaangukia mlangoni." Sikumwelewa siku hiyo.

Nilipiga hesabu kwa gari nikirudi. Milioni moja na nusu, miaka 15. Kwetu kwa asilimia 3 unalipa kama 10,359 kwa mwezi. Kwa riba ya tarakimu moja kama hiyo ya KMRC, tuseme asilimia 9.5, ni kama 15,663. Kwa benki ya asilimia 14 ni kama 19,976. Yaani kwetu ni karibu nusu ya benki! Na pesa imelala. Nilisema hapana, lazima kuna kitu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumefungua kabati. Ilibidi fundi aje na bisibisi.

Maombi 63. Tumeyapanga kwa mafungu sakafuni, maana meza haikutosha. Fungu la kwanza, wale peislipu imekataa. Sheria ya ajira inasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara, yaani lazima ubaki na theluthi moja. Na huyu mtu tayari ana sako, ana benki, ana ule mkopo wa simu. Sasa mwezi huu imeingia SHIF, bima mpya ya afya ya asilimia 2.75, mahali pa ile ya zamani, NHIF. Mtu wa mshahara wa 62,000 alikuwa anakatwa NHIF 1,300, sai SHIF ni 1,705. Ongeza ule ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani 930. Kidogo kidogo hivyo, mtu alikuwa ndani ya mstari Agosti, Oktoba yuko nje. Nimempigia karani mmoja kumwambia amekosa kwa shilingi 212. Akacheka. Kicheko chenyewe sikukipenda.

Na hapo kuna kitu inaniuma. Huyu karani analipa ushuru wa nyumba kila mwezi, sheria ya nyumba za bei nafuu ya Machi 2024 inataka hivyo, na ni huo ushuru wa nyumba umechangia kumnyima mkopo wa nyumba. Sisemi ushuru ni mbaya, nasema tu venye imemkuta.

Fungu la pili ndio kubwa. 41. Hawa peislipu iko sawa, wako tayari, wengine hadi ramani ya nyumba wamechora. Taito, yaani hati ya shamba, ndio hakuna. Ama taito iko lakini jina ni la marehemu.

Sasa nimemwelewa yule mzee wa sako.

Jumanne, 12 Novemba

Huyu wa leo nitamwandika mrefu kwa sababu faili yake ndio imenifungua macho.

Ni muuguzi, mama wa watoto wawili, zamu za usiku. Amekuja akiwa bado na yunifomu, usingizi machoni. Nikamwambia keti madam. Akasema, "Bosi, mimi taito sina, lakini shamba ninalo."

Akatoa karatasi kwa pochi, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Mkataba wa kununua ploti ya 50 kwa 100, umeandikwa kwa mkono ofisini kwa chifu, mashahidi sita, wawili wameweka kidole gumba. Amelipa kidogo kidogo miaka mitatu, kila malipo yameandikwa nyuma na tarehe na sahihi. Ameshapanda migomba na mabingobingo kwa mpaka. Kwa macho ya kijiji hiyo shamba ni yake kabisa, hakuna mtu wa kubisha.

Nikafanya sachi kwa ofisi ya ardhi. Jina kwa rejista ni la baba ya muuzaji. Alifariki 1996. Mirathi haijawahi kufunguliwa. Maana yake yule jamaa aliuza kitu ambacho kisheria si chake bado, hata kama amelima hapo tangu akiwa na kaptula.

Nikamweleza. Hakulia wala nini. Akaniuliza tu, "Kwa hivyo ni kama nilimpa pesa mtu wa barabarani?" Nikamwambia hapana, si hivyo, lakini nilikuwa naona kabisa ni karibu hivyo.

Kitu watu wa Nairobi hawaelewi wakikuja na mipango yao ni kwamba huku mashamba yaliandikishwa majina ya wazee zamani za miaka ya sitini na sabini, wazee wakaenda, na watoto wakagawana kwa kuonyeshana mti. "Wewe ni kutoka kwa huu mwembe mpaka kwa mtaro." Wakaishi kwa amani, sisemi vibaya. Lakini mwembe hauwezi kuweka rehani.

Kazi yangu kwa karatasi ni kusimamia pesa. Lakini kama nitakaa ofisini ningoje watu wenye taito safi, nitaendelea kuwakopesha wakurugenzi. Jumamosi nitaenda naye huko.

Jumapili, 17 Novemba

Tulienda. Muuzaji ni jamaa mpole wa kuendesha boda, hakuwa na nia mbaya, aliuza kwa sababu mtoto alikuwa anaingia sekondari. Mwenye boma ni mama yake, mzee wa miaka themanini na kitu. Salamu kwanza, mulembe, mulembe muno, tukaketishwa, chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha, habari za mvua kwanza, habari za huyo daktari (muuguzi wangu wanamwita daktari), ndio baadaye tukafika kwa shamba.

Mama akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema: "Mwanangu, hii shamba iko na wenyewe watano. Wavulana watatu na wasichana wangu wawili, mmoja ameolewa Mumias na mwingine Webuye. Hao wawili nani aliwauliza?"

Jamaa wa boda akaangalia viatu vyake.

Mkubwa wao akajibu ati mama, wasichana walishaolewa. Nikasema polepole, maana mimi ni mgeni na mgeni hafai kupaza sauti, kwamba sheria ya mirathi haitofautishi msichana na mvulana, ameolewa hajaolewa, na bila sahihi za hao dada wawili korti inaweza kurudisha hiyo faili hata miaka kumi. Kimya. Mama akasema, "Krismasi wote watakuwa nyumbani." Hiyo ikawa ndio tarehe.

Jumatatu, 16 Desemba

Kazi ya ofisi kidogo. Nyongeza ya mfuko tuliyoahidiwa kwa bajeti haijaingia na sidhani itaingia. Tangu ule mswada wa fedha wa kuongeza ushuru uondolewe Juni, kaunti zote zimekuwa kwa mvutano na serikali kuu juu ya mgao, kwanza tuliambiwa shilingi bilioni 400 kwa kaunti zote, ikashuka hadi 380, sai imetua 387.4. Na hata hiyo inakuja ikichelewa. Mishahara kwanza, sisi tuko mwisho kwa foleni. Si kitu, kwanza tumalize ile iko.

Jumamosi, 28 Desemba

Jana tulikutana chini ya mwavokado wa yule mama. Watoto wote watano, wake, waume, wajukuu wakicheza mpira kando. Mimi nilialikwa kama mtu wa "karatasi". Sikuwa nimepanga kuongea.

Dada wa Mumias alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Akauliza kwa nini anakumbukwa leo kwa sababu kuna sahihi inahitajika, na miaka yote ile mama akiugua yeye ndio alikuwa anatuma pesa. Kaka mkubwa akajaribu kumkatiza, akaambiwa na mama anyamaze. Yule wa Webuye hakutaka shamba, alitaka tu kaburi la baba lisimamiwe vizuri na njia ya kwenda kwa kaburi ibaki wazi. Hiyo ikaandikwa. Ilichukua masaa matano. Mwisho wakakubaliana kila mmoja apate sehemu yake, na ile robo ya ekari ya jamaa wa boda ndio ploti ya muuguzi itoke hapo, si kwa mtu mwingine.

Muuguzi akasema atalipa gharama za korti. Nikamwambia pembeni, dada, sisi wote tuna shida, usibebe familia nzima. Akanijibu, "Nikingoja wao nitajenga nikiwa na mkongojo."

Alhamisi, 13 Februari 2025

Barua ya chifu ilipatikana. Maombi ya mirathi yakapelekwa kwa hakimu, wale wa rejista ya korti ni watu wazuri walitusaidia na fomu mpaka tukakosa haja ya wakili kwa hiyo hatua. Inaenda kwa gazeti rasmi la serikali, siku 30 kama kuna mwenye pingamizi ajitokeze, ndio korti inatoa barua ya usimamizi. Halafu miezi sita ndio igawanywe. Nimehesabu mara tatu, haiwezi kuwa kabla ya Septemba.

NSSF, ile akiba ya uzeeni, nayo imepanda mwezi huu. Yule wa 62,000, kama NSSF yake inakatwa yote, ametoka 2,160 akafika 3,720. Bahati tangu mwisho wa Desemba SHIF na ushuru wa nyumba vinatolewa kabla ya kukata kodi kwa hivyo kodi imepungua kidogo. Tumewapigia upya hesabu watu wote wa fungu la kwanza, moja moja. Watu 7 wamerudi ndani ya mstari! Yule karani wa 212 pia. Nikampigia mwenyewe. Safari hii alicheka vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Tulipelekwa Nakuru kutembea na kuona, ile kaunti zinaita kujifunza na wananchi wanaita kula marupurupu. Nitakubali marupurupu nilikula. Tukaona zile nyumba 605 za Bondeni, zimepangwa vizuri, ziko karibu na mji, mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kazini. Kwa jiji kama Nakuru (jiji tangu Desemba 2021) hiyo kitu ina maana, watu ni wengi, ardhi ni ghali, fleti ndio jibu, na siku hizi na ile sheria ya umiliki wa fleti ya 2020 kila fleti inaweza kuwa na hati yake.

Lakini kwa basi tukirudi mjadala ukawaka. Mkurugenzi mmoja anasema na sisi tununue fleti tuwauzie wafanyakazi, tuachane na hii maneno ya vijijini. Nikamwambia mkubwa, watu wetu wanatofautisha nyumba na nyumbani. Nchi hii ilishaenda mpaka mahakama ya rufaa 1987 kwa hiyo maneno, kesi ya S.M. Otieno, wakili mkubwa wa Nairobi mwenye nyumba zake huko, watu wakagombania azikwe wapi, na mwisho akazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Karani wetu akipata milioni moja hataki chumba ghorofa ya nne, anataka nyumba yenye mama yake anaweza kuja kulala na kuku wake. Yeye akasema hiyo ni mila tu. Labda. Lakini mimi nakopesha watu wenye hiyo mila, siwezi kukopesha watu wengine.

Dereva akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 26 Machi

Rasimu ya kanuni mpya imeisha. Vitu viwili tu. Kwanza, pesa itoke kwa awamu: msingi, ukuta, paa, kumalizia, na mtu wa ujenzi wa kaunti aende aangalie kabla ya awamu inayofuata. Hii ni kwa sababu ya bwana mmoja wa zamani aliyepewa zote kwa mpigo. Nilienda kuona nyumba yake, nikakuta Probox. Nyumba ya magurudumu.

Pili, mkopo mdogo wa karatasi, usiozidi laki moja, wa kulipia mirathi, saveya, landi bodi (ile ya kuidhinisha shamba lihamishwe) na ushuru wa stempu, unakatwa kwa mwaka mmoja, dhamana ni wafanyakazi wenzako wawili. Ndio mtu akifika kwa mkopo wa nyumba awe na taito.

Alhamisi, 22 Mei

Tumekuwa mbele ya kamati ya bunge. Awamu wamekubali, bila maswali mengi, nadhani kila mtu anamjua mwenye Probox.

Ya karatasi ikawa moto. Mheshimiwa mmoja akauliza, "Kwa hivyo mnataka kukopesha marehemu?" Watu wakaangua kicheko. Nikamweleza kwamba marehemu ndio ameshika shamba, sisi tunamkopesha mtoto wake ili amwachilie. Mwingine akauliza kama familia ikigombana kortini miaka sita, hiyo laki nani anarudisha. Hilo swali lilikuwa zuri, sitasema uwongo. Nikasema mkopo unakatwa kwa mshahara wa mkopaji kesi iishe isiishe. Akaniambia, "Basi umemkopesha mtu kesi." Nikakosa jibu la haraka. Wamesema warudi nayo baadaye.

Kwa sasa tunafanya bila pesa. Kila Ijumaa mchana ofisi yetu inakuwa kliniki ya karatasi, afisa wa ardhi anakuja nusu siku, tunamwonyesha mtu hatua yake ni gani na anahitaji nini. Inagharimu chai na mandazi. Foleni inafika kwa ngazi. Wengine si hata wafanyakazi wa kaunti, mzee mmoja alikuja na taito ya 1971 ndani ya gunia la sukari, panya wamekula kona moja, nikashindwa kumfukuza.

Jumanne, 17 Juni

Nyumba ya kwanza ya awamu imefika kwa paa. Ni ya yule karani. Matofali ya kuchoma ya hapo hapo kijijini, maana mawe ya kuchonga kuyaleta mpaka huku ni ghali kuliko kuyanunua. Mvua ya Aprili ilikuwa imemharibia tanuru moja lote, matofali yakarudi kuwa udongo, fundi akakaa siku tisa bila kazi na bado anakula. Hizi siku tisa hakuna ripoti ya nyumba utazipata ndani.

Ijumaa, 25 Julai

Wakaguzi walikuwa hapa wiki mbili. Mengi tulijua. Moja hatukujua.

Ukimkopesha mfanyakazi wako kwa riba ya chini ya soko, KRA, watu wa kodi, wanahesabu kama umempa faida, na kodi yake analipa mwajiri. Kila robo mwaka wanatangaza kiwango cha soko. Chukua mfano kiwango ni 13 na sisi tunatoza 3, tofauti ni 10, kwa milioni moja hiyo ni laki kwa mwaka, asilimia 30 ya hiyo laki ni elfu 30. Kila milioni, kila mwaka. Na hapa kwetu hakuna mtu alikuwa analipa tangu mfuko uanze! Nikauliza waliokuwa wanasimamia mbeleni, mmoja akaniambia ati alidhani hiyo ni ya kampuni binafsi.

Hiyo pesa itatoka wapi bado tunaongea, itakuwa kwa bajeti ya kaunti si kwa mfuko, hilo nimekataa kabisa mpaka nikapandisha sauti. Lakini imenifundisha kwamba asilimia 3 si asilimia 3. Kuna mtu analipa ile ingine, na mkulima wa mtama huko chini hajawahi kuulizwa kama anataka kuchangia nyumba ya mkurugenzi. Ndio maana hii pesa ikiendelea kukwama kwa wenye vyeo mimi sioni namna ya kuitetea.

Memo yangu ya Agosti kuhusu bili za hazina imejibiwa leo. Wamekubali. Sai zinalipa kama asilimia 8.

Jumatatu, 29 Septemba

Korti imethibitisha mirathi wiki iliyopita. Watoto watano, majina matano kwa karatasi, mama ana haki ya kukaa hapo mpaka mwisho wake, na njia ya kaburi imeandikwa.

Jumamosi saveya alikuja. Nilienda, ingawa hakuna kanuni inasema niende. Akafunga kamba, akapima, akaweka bikoni tatu, vile vyuma vya mpaka, vizuri. Ya nne ikaangukia kwa mzizi wa mwavokado, pale pale tulipokaa Desemba. Mama akatoka ndani na fimbo akamwambia saveya huo mti aliupanda akibeba kifungua mimba wake na chuma hakitapita hapo. Saveya akanyoosha ramani, akasema mama, ni futi mbili tu. Mama akasema hata yeye ni futi mbili tu ya maisha imebaki.

Muuguzi akamwambia saveya asogeze upande wake. Apoteze yeye hizo futi mbili.

Bado kuna landi bodi mwezi ujao, bado kuhamisha kwa jamaa wa boda kwanza halafu kwake, bado mke wa jamaa kusaini, bado stempu, ndio faili yake iingie kwa kabati ile ingine, yenye ufunguo. Tukirudi kwa gari aliniuliza kama ikifika hapo asilimia itakuwa bado ni 3. Nikamwambia kama nitakuwa bado niko kwa hicho kiti, ndio. Akatoa kalamu akaandika tarehe nyuma ya ule mkataba wake wa zamani, chini ya malipo ya mwisho, akaniambia weka sahihi.

Nikaweka.